Karani wa Uajemi kwenye Karatasi ya Ndagala

Pale mjini Baraka, kando ya ziwa, mwalimu wetu wa historia hakuwa na kitabu. Alitamka kwa Kifaransa, sisi tukaandika, hadi mkato na nukta. Mwaka ule askari wavamizi walipokuwa wameushika mji, alitutamkia habari za ofisa mmoja wa Uajemi wa karne nyingi zilizopita. Wazee wake walikuwa wamewatumikia wafalme wa kwao. Wavamizi waliopanda farasi walipokuja kuchoma miji, yeye akawa karani wao, hata akapewa Baghdad aiongoze. Huku akila mezani kwao, aliandika historia: mji gani uliteketea, na watu wake walikufa vipi.

Tuliinua kalamu, tukatazamana. Mji mzima ulimjua katibu wa ofisi ya utawala, aliyefanya kazi na serikali na sasa akiwapigia askari barua zao kwa mashine. Mwalimu alikuwa anamsema yeye? Anamsifu au anamkandia? Hakuna aliyeuliza. Baada ya habari za kijiji cha Makobola, ambako askari hao waliwaua watu wengi, swali lolote lilionekana limetumwa na mtu.

Kwetu daftari likijaa, mama alimpa jirani muuza ndagala afungie samaki wake wadogo. Kila nyumba ilifanya hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nililiona daftari likienda na sikuwaza kitu.

Askari mmoja aliyejua Kifaransa kidogo akanunua ndagala, akaona kwenye karatasi maneno "wavamizi" na "waliouawa". Muuzaji akaonyesha kwetu, akamtaja na mwalimu. Asubuhi walimchukua mwalimu, saa sita wakanifuata mimi.

Mwalimu alikuwa amekaa chini, ofisini kwa katibu. Komanda, ambaye hakujua Kifaransa, alishika karatasi kwa ncha za vidole kwa ajili ya harufu.

"Kwenu hata ndagala inasoma histoire," alisema, na askari wake wakacheka. "We njo uliandika?"

"Ni mimi, Komanda. Mwalimu alisema, tukaandika."

"Soma. Katibu atafasiri. Kama inatusema sisi, mwalimu wako harudi kwake."

Nikasoma kwamba mtu yule aliwatumikia waliochoma miji yake. Katibu hakusita.

"Anasema alikuwa mutumishi muaminifu wa mufalme."

Nikasoma kwamba aliandika vifo vya watu.

"Anasema aliandika ushindi wote wa mufalme."

Nikaacha kusoma, nikamtazama katibu. Katibu alinigeukia taratibu. "Endelea, mutoto wangu. Tunakusikia."

Nikaendelea. Mwalimu alitazama sakafu. Katibu alikuwa anamwokoa mwalimu, au alijiona mwenyewe kwenye ile karatasi akajiokoa? Nimehama miji mingi tangu hapo, na bado sijui.

Komanda alipiga mwayo. "Histoire ya bafalme. Muache aende."

Nilidhani yamekwisha. Lakini kesho yake bombani wanawake walikuwa wanamsema mwalimu.

"Benye kuingia mule, bangapi banarudi?"

"Ye amerudi na viatu vyake."

"Basi njo ye anabaandikia."

Kwao mwalimu ndiye aliyewapelekea askari habari. Wazazi wakaanza kuwazuia watoto wao wasiende darasani kwake. Mama naye akaniambia nisipite tena karibu na nyumba yake. Hakuna mtu anayeachiliwa bure, alisema. Jibu nilikuwa nalo: katibu alitafsiri uongo. Lakini kulitoa ilikuwa kumwua katibu, kwa maana Baraka neno halilali ndani ya nyumba moja.

Baada ya wiki mbili mwalimu alisimama mlangoni kwetu, godoro limefungwa kwenye baiskeli. Alikuwa anakwenda Kazimia kutafuta mashua ya kuvuka ziwa.

"Umebaambia watu namna katibu alitafsiri?"

"Hapana, mwalimu."

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

Alinitazama kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi asiyemwamini. Kisha akasukuma baiskeli yake.

Mama alikuwa ametoka nyuma ya nyumba. "Alikuwa anakuuliza nini?"

"Alikuja kuaga."

"Mutaa muzima amepita bila kusalimia," alisema, macho yake hayakutoka usoni kwangu. "We njo anakuaga, we mwenye ulitoka naye mule. Sababu ya nini?"