Mwenye Alama

Walimwita Sindano, naye jina alilipenda. Kila tunda la vanila shambani mwake lilichomwa likiwa bado bichi, kwa sindano zilizopachikwa kwenye kizibo cha chupa: nukta tatu na mkia. Kovu lile halitoki hata tunda likaushwe mpaka liwe jeusi tititi. Kila mkulima alikuwa na alama yake, kama wenye ng'ombe, lakini Sindano ndiye aliyeitembeza yake vibarazani na kuichora mezani kwa maji ya chai. "Ukiuona mkia," alisema, "ujue mwenyewe yupo."

Tuseme ukweli lakini. Aliyechoma ni mkewe. Na aliyeyafungisha maua ndoa, kama wenyewe wanavyoiita kazi hiyo, ni mkewe vilevile. Ua la vanila hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na likifumba bila kuguswa, limekwenda na tunda lake. Nyuki wa huko hawaiwezi kazi hiyo. Ni mtu na kijiti: anainua kipazia kilicho ndani ya ua, anabana kwa dole gumba, basi, ndoa imefungwa. Mwanamke yule alipita rando kwa rando la mvanila, kiuno kikimwaka moto, mumewe akipiga soga barazani kwa fundi cherehani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba mchumaji anaweza kuwa mmoja na mlaji mwingine.

Zamani mashamba yale yalikuwa ya mihogo na mahindi. Ilipopanda bei ya vanila, watu waling'oa kila kilicholiwa, wakapanda kile ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukionja. Unga wakaanza kununua dukani. Na palipoingia mali, wizi haukukawia, na nyuma ya wizi ikaja kamati ya ulinzi, vijana na marungu yao, mwenyekiti wao mchinjaji wa buchani. Huyo ndiye aliyeleta desturi ya gunia. Mwizi akikamatwa, hurushiwa gunia kichwani kutoka nyuma, hata walinzi wasimwone sura, na kufungwa kitambaa mdomoni juu yake, kisha ndipo mwenye mali huitwa.

"Sisi sote hapa ni ndugu," mchinjaji aliwaeleza mkutanoni. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ukiiona sura, utaingiwa na huruma. Wewe angalia mali, usimwangalie mtu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Kutikisa kichwa hakuna gharama, mpaka siku kichwa chenyewe kiwe cha mtu wako.

Mwaka ule mama yake mkewe Sindano alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alikwisha kusema upasuaji usingoje.

"Tuuze kidogo, baba watoto," mkewe alimwambia. "Yako yaliyokwisha kuwa manjano nchani."

"Msimu haujafunguliwa. Anayeuza sasa anahesabiwa mwizi."

"Mwizi wa shamba lake mwenyewe?"

"Shamba langu," alisema Sindano. "Mama yako kavumilia siku zote hizo, atashindwa kuvumilia hizi chache?"

Mkewe hakujibu. Sindano akadhani amekubali, maana alikuwa katika wale wanaume wanaodhani kimya cha mke ni ndiyo.

Siku chache baadaye, asubuhi jua likiwa limechomoza vizuri, kijana mmoja wa ulinzi alimfuata barazani akihema. Mwizi kashikwa kwenye njia ya mtoni, na mzigo wake una mkia! Sindano akainuka, akajifuta makombo mdomoni, akaenda huku nyuma yake baraza zima likimfuata.

Kwenye banda la kupimia vanila, mtu alikuwa amepigishwa magoti juu ya saruji, mikono imefungwa nyuma, gunia la sukari kichwani. Mfuko wake ulikuwa juu ya mizani. Mchinjaji aliufungua, akamwekea Sindano konzi ya matunda kiganjani.

"Haya, mwenye alama. Ya nani haya?"

Nukta tatu na mkia, bila shaka. Lakini mkono wa Sindano ulisita. Mwizi hana muda wa kuchagua. Hunyofoa kichala kizima, mabichi na mapevu, akakimbia. Haya yalichumwa moja moja, yaliyoiva ncha tu, kila moja na kikonyo chake kizima. Sindano aliujua mkono uliochuma vile. Alikuwa akila jasho lake mwaka hadi mwaka. Ina maana mkewe alichuma mwenyewe, akampa mtu huyu. Mtu gani? Mwanamume gani anayepewa mali kwa siri na mke wa mwenzake?

Wivu ukampanda. Akakohoa ili aseme, na aliyekuwa ndani ya gunia, alipokisikia kikohozi kile, akashtuka, akaanza kujiburura kwa magoti kumwelekea, akitoa mlio mzito wa puani.

"Jeuri!" mtu mmoja alipiga kelele.

Neno moja lilitosha: mfunueni. Sindano alikuwa nalo ulimini. Lakini kumfunua yule kulikuwa ni kuifunua nyumba yake, mbele ya mchinjaji, mbele ya fundi cherehani, mbele ya baraza zima lililojua mkia wake kuliko lilivyomjua yeye. Aibu ile hakuiweza.

"Yangu," alisema. "Na mtu huyu simjui."

Akatwaa mfuko wake, akaondoka. Rungu la kwanza alilisikia akiwa hajafika mbali. Akaongeza mwendo.

Mkewe alikuwa uani anaosha vyombo. Sindano aliutupa mfuko mbele yake, matunda yakatapakaa kwenye povu.

"Mwanamume wako amekamatwa."

Mkewe aliutazama mfuko. Alikuwa ameushona mwenyewe kwa pazia kuukuu.

"Mwanamume gani? Mfuko huu nilimpa mdogo wangu, ampelekee mnunuzi mmoja wa ng'ambo ya mto. Ni kwa ajili ya mama." Akasimama, mikono ikichuruzika maji. "Yuko wapi?"

Sindano aligeuza macho upande wa banda la kupimia.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Hakungoja jibu. Alimpita, akatoka mbio peku, akipiga mayowe njia nzima. Na Sindano, Mungu amsamehe, maana mimi siwezi, aliinama akaanza kuokota matunda yasije yakaharibiwa na sabuni.

Shemeji yake alikuwa fundi baiskeli. Ya Sindano alikuwa akiitengeneza bure. Walimzika kwa sanda ya kushonwa haraka, na mama yake, aliyekosa upasuaji, hakuuona mwisho wa mvua za mwaka ule. Mchinjaji alikuja msibani, akakaa, akala.

"Tungejua," alisema, "tusingethubutu. Lakini tulikuuliza, Sindano. Ukasema humjui."

Mkewe alirudi kwao na watoto wake siku ya kuanua matanga, wala hakuaga.

Maua yalipofika, Sindano alijikuta peke yake na kijiti mkononi. Hakuwahi kujifunza. Alikuwa na vidole vinene vya kuchorea mezani. Aliinua kipazia kikachanika, alibana ua likapondeka. Aliwaomba wanawake wa jirani, kila mmoja akasema ana maua yake. Kila siku jua lilipanda, na kila siku maua yakafumba mbele ya macho yake, kisha yakanyauka na kuanguka. Jioni aliketi chini ya marando akalia kwa sauti, na hakuna aliyetoka kuuliza kuna nini.

Wakati wa matunda ulipowadia, kijana wa ulinzi alipita mpakani, rungu begani, akamsalimu kwa heshima.

"Umeona, mzee? Tangu siku ile, shambani kwako halijaibiwa hata tunda moja."

Sindano aliyatazama marando yake, majani matupu kutoka juu mpaka chini.

"Kweli," alisema. "Hata moja."