Mtoto wa Tatu Aliyeingia Kwenye Hesabu

Tulikuwa watu sita kwenye kibaraza cha mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Garissa, baada ya swala ya alasiri. Mimi mwenyewe, bibi wa watoto. Mke wa mwanangu mkubwa, aliyekuwa akichambua kunde za ambuulo, chakula chetu cha jioni tunachokila kwa mafuta ya simsim na sukari. Binti zake wawili, mkubwa wa kidato cha pili na mdogo wa kidato cha kwanza. Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, aliyekuja kutoka Modogashe kutibiwa goti. Goti lilipona zamani, yeye bado yupo. Na mwanangu wa mwisho, ambaye alikuwa amelala mkekani, kwa hiyo sijui kama ni haki kumhesabu. Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya baba za baba zao mpaka koo likauke. Siyaandiki kwa sababu mjukuu wangu mkubwa amenikataza. Anasema aibu yake nisiipe anwani.

Aibu yenyewe ilikuwa hesabu. Mwalimu wao, kijana wa kutoka bara, alikuwa ametangaza kwamba asiyefikisha alama arobaini katika mtihani wa mwisho wa mwaka atarudia kidato. Mwanangu mkubwa, baba yao, naye akasema sawa, kama mwalimu amesema, amesema. Sasa kurudia kidato maana yake ni kukaa pale pale umngoje mdogo wako akukute darasani. Na mdogo mtu alishaanza kujiandaa. Alimwambia dada yake kwamba atamwachia kiti cha dirishani, na kwamba kwa heshima ataendelea kumwita abaayo, dada mkubwa, hata mbele za watu. Mkubwa hakulia. Alifunga daftari akasema basi bora aende Takaba akachunge mbuzi. Hatuna mbuzi Takaba. Mtihani ulikuwa keshokutwa.

Nikamwambia alete hilo daftari nilione. Mimi nilisoma ngumbaru miaka miwili, nikajua kusoma, kuandika, kujumlisha na kuzidisha. Tulipofika kugawanya mwalimu akahamishwa. Kwa hiyo sikuwa na hofu, maana mtu huogopa anachokijua. Nikaona namba kubwa imekaa chini, na begani kwake imepandishwa namba ndogo kama mtoto aliyebebwa. Nikauliza huyu mdogo anafanya nini huko juu. Akaniambia kinaitwa kipeo, kinasema ile kubwa izidishwe yenyewe kwa yenyewe mara ngapi. Kurasa za mbele zilikuwa za logi, akasema hizo nisizifungue, darasa zima linafia pale. Alikuwa amekariri sheria zote kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyokariri ubaoni, ila zikifika kwenye karatasi zinabadilishana viti.

Nilimtazama nikawaza: mtoto huyu tangu ana miaka minne anaweza kunitajia baba zake hadi wa kumi na tano bila kumeza mate, kama tulivyofundishwa wote, halafu namba mbili zinamshinda? Nikamwuliza toka kwake hadi babu aliyegawanya nyumba yetu na ya jirani ni hatua ngapi. Tano, akajibu. Na toka kwa babu huyo hadi mkubwa wa wote, aliyeanzisha ukoo? Nne. Jumla? Tisa. Hakufikiri hata kidogo.

Nikachota kunde kwenye ungo. Mama yao akaniuliza kwa upole kama nimeona jua liko wapi. Nikamwambia nachukua chache tu.

Nikaweka kunde moja kwenye sinia. Nikasema huyu ndiye mkubwa wa wote, bado hajaoa, yuko na ngamia wake. Ameshapiga hatua ngapi za uzazi? Hakuna, akasema, sifuri. Na yeye ni watu wangapi? Mmoja. Akafungua daftari, akanionyesha mahali mwalimu alipomchorea msalaba mwekundu: namba yenye sifuri begani, yeye kila siku anaandika jibu ni sifuri.

"Babu yetu si sifuri," nikamwambia. "Futa hiyo."

Tukaendelea. Nikasema tuseme kila mmoja alizaa wavulana wawili, maana hesabu yetu hupita kwa wanaume, ndivyo tulivyoikuta. Hatua ya kwanza kunde mbili, ya pili nne, ya tatu nane, ya nne kumi na sita, ya tano thelathini na mbili. Hapo mama yao akauvuta ungo. Lakini mtoto alishaona. Hatua nne, kisha hatua tano, unazijumlisha unapata tisa. Ila watu wa hatua nne na watu wa hatua tano hawajumlishwi, wanazidishana. Akaandika kumi na sita mara thelathini na mbili, akapata mia tano na kumi na mbili, akahesabu kwa vidole kuzidisha mbili mara tisa, akapata kile kile. Akarudia tena, kana kwamba nimemwibia.

Nikamgeuzia. Nikafunika daftari, nikamwonyesha kunde thelathini na mbili: hawa wametoka kwa mtu mmoja, kila mmoja wawili, ni hatua ngapi?

"Tano," akasema. Kisha polepole: "Ayeyo, hiyo ndiyo logi."

Mimi sikujua. Nikasema ndiyo, ndiyo hiyo.

Tungeishia hapo tungekula mapema. Lakini wifi yangu alikuwa ameinama juu ya sinia muda mrefu, goti limekunjwa vizuri tu, akauliza mbona wa tatu hamwoni. Tukauliza wa tatu yupi. Akasema kuanzia babu wa hatua ya tatu kwenda chini, katika nyumba yao hakuna mwanamume aliyezaa chini ya watatu, na yule wa tatu ndiye aliyehama na ngamia mpaka upande wa Rhamu, na watu wake wako mpaka leo kando ya mto Daua. Alisema kweli, majina yao ninayo. Nilikuwa nimewaacha kwa ajili ya hesabu, na nikaona aibu.

Mjukuu wangu akamwomba. "Eddo, mwache huyo wa tatu. Hesabu itaharibika."

"Nimwache nimpeleke wapi?" akasema wifi yangu. "Ana watu. Wana simu. Watasikia."

Ikabidi aingizwe. Hatua tatu za mwanzo wawili wawili: nane. Hatua mbili za baadaye watatu watatu: nane wakawa ishirini na wanne, ishirini na wanne wakawa sabini na wawili. Mama yao alishakata tamaa, akatuachia ungo, tukapanga kunde zote sabini na mbili, mdogo mtu akihakiki. Mkubwa akatazama daftari lake, mahali palipokuwa na swali la namna hiyo hiyo. Yeye alikuwa amezidisha mbili na tatu akapata sita, akajumlisha hatua akapata tano, akaandika sita yenye tano begani. Akaikokotoa pale pale. Ikatoka elfu saba mia saba sabini na sita.

Wifi yangu akasema watu wote hao wangemaliza visima vyote kutoka hapa mpaka Rhamu.

Basi akaelewa, na sikumfundisha mimi, amefundishwa na huyo wa tatu: hatua zinajumlishwa pale tu ambapo kila mtu amezaa sawa. Wakizaa tofauti, kila kundi lihesabiwe kivyake, ndipo uzidishe.

Likabaki moja. Akauliza kama kwenda mbele ni kuzidisha kwa mbili, kurudi nyuma ni kugawanya. Je, ukirudi hatua moja nyuma ya yule mmoja? Nikasema mimi na kugawanya hatukukutana, na kabla ya babu yetu walikuwepo watu wengine, lakini sijasikia aliyekuwa nusu. Wifi yangu akaelekeza kidevu mkekani, alipolala mwanangu wa mwisho.

"Nusu mtu yupo," akasema. "Huyo hapo."

Ambuulo ililiwa saa nne usiku, na baba yao akajiumiza jino kwa kijiwe. Hakuna aliyemwambia kwa nini kunde hazikuchambuliwa sawasawa.

Mtihani ulikuwa na mbili yenye tatu begani, mara tatu yenye mbili begani. Nusu ya darasa wakavimaliza visima. Yeye akaandika sabini na mbili. Palikuwa pia na mbili iliyorudishwa hatua moja nyuma ya sifuri, na hapo akamkumbuka baba yake mdogo, akacheka, msimamizi akamhamishia mbele. Lakini aliandika nusu. Alipata arobaini na tatu. Mwanangu wa mwisho mpaka leo hajui kwa nini wakimpelekea chai nusu kikombe wasichana hao hushindwa kuzuia kicheko.

Mkubwa yuko kidato cha tatu. Mdogo anakalia kiti cha dirishani mwenyewe, na juzi alikuja na daftari akiniuliza kama kunde zipo. Wifi yangu aliwapigia simu watu wa Rhamu kuwaarifu kwamba wamehesabiwa, wakashukuru.

Mliokuwepo, mkiona nimekosea nani aliketi wapi, au kama kunde zilikuwa kwenye sinia au kwenye kawa, nisahihisheni. Macho yangu siku hizi hayako sawa. Ila kama ni habari ya yule wa tatu, msije kwangu. Mwenye goti bado yuko hapa.