Kasoro za Kipaku

Mnadani Mlandizi hakuna asiyemjua Bi Mwamvita, dalali wa ng'ombe. Wenye bucha wa Kibaha humtanguliza awasaidie kununua, kwa sababu ya mdomo wake. Akimzunguka ng'ombe mara moja tu, kasoro zinamtoka mfululizo: huyu kwato mbovu, yule mbavu nje. Mwenye ng'ombe hushusha bei ili anyamaze.

Siku hiyo alikuja na ng'ombe wake mwenyewe, Kipaku, akimwongoza kwa kamba. Kipaku amezeeka na ameacha kuzaa, na watoto wa bibi walikuwa wamemwandama wee, auzwe.

Halidi, kijana mwenye bucha, akasogea. "Shikamoo bibi. Leo muuzaji ni wewe! Huyu vipi?"

"Marahaba. Vipi nini, huna macho?" Bi Mwamvita akafoka. "Huoni anavyouburuta mguu? Meno yamekwisha. Nyama yake utaichemsha kutwa nzima na bado itakushinda kutafuna. Tena ana roho mbaya. Usimsogelee, atakupiga teke!"

Watu wakaangua kicheko. Mazoea yamemponza bibi wa watu, wakasema, anaponda mali yake mwenyewe. Halidi naye akacheka, akanyoosha mkono. Kipaku akamlamba kiganja.

Halidi akamtazama bibi. Bibi akatazama pembeni.

"Basi bibi," Halidi akasema taratibu, "huyu hanifai."

"Si nimekwambia!" akafoka Bi Mwamvita, na tayari alikuwa ameshamgeuza Kipaku kuelekea nyumbani.