Sheria Zilipooana

Bi Buluu alikuwa dobi wa mashuka ya hospitali ya wazazi. Jina hilo alilipata kwa ile buluu aliyosuuzia nguo nyeupe, mpaka zikianikwa juani zinaumiza macho. Alifulia mtoni, chini kidogo ya daraja. Juu ya daraja, mto unakotokea, ulianza mkoa mwingine, na huko ndiko kilikojengwa kiwanda cha ngozi.

Kiwanda kilipoanza kumwaga maji yake mtoni, mashuka yakawa yanatoka na rangi ya chai ya jana. Muuguzi mkuu hakuzungusha maneno.

"Mama, mzazi halali juu ya kitu kama hiki. Yakirudi hivi tena, kazi naipeleka kwenye mashine mjini."

Bi Buluu akamfuata bwana maji, afisa wa mto wa mkoa wao. Akaja, akapima, akatikisa kichwa.

"Machafu haya, mama. Kwa sheria yetu ni kosa."

"Basi kamshike mkosaji."

"Yuko ng'ambo ya daraja, na sheria ya kule inamruhusu. Maji yakiwa kwao ni safi. Yakivuka huku ndiyo yanakuwa machafu."

"Kumbe daraja ndilo linaloyachafua!"

Bwana maji alicheka kwa aibu. Akamtuliza kwamba wakuu wa mikoa yote miwili watakutana kuoanisha sheria, ili mto wote uwe na kipimo kimoja. Bi Buluu akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Akamwomba muuguzi mkuu amvumilie hadi kikao, naye akakubali shingo upande.

Nyumbani akamsimulia wifi yake, mwenzake wa kukamua mashuka.

"Sheria zinaozwa?" wifi akauliza. "Na nani anahamia kwa nani?"

"Wewe nawe! Kila kitu mzaha."

"Mzaha gani? Mimi nilipoolewa na kaka yako niliacha mpaka kitanda changu."

Siku ya kikao Bi Buluu alikaa mbele, na gauni lake la kutokea. Azimio likasomwa: tangu sasa mikoa miwili itatumia kipimo kimoja. Akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Msomaji akamalizia: kipimo hicho ni cha mkoa wa juu, kwa kuwa kiwanda kimeajiri vijana wa pande zote.

Ukumbi uliendelea kupiga makofi. Yake yalikatika.

Nje akamkamata bwana maji. "Yale maji yetu sasa vipi?"

"Ni yaleyale, mama."

"Machafu?"

Bwana maji akatazama viatu vyake. "Ni safi."

"Tangu lini?"

"Tangu pale mlipopiga makofi."

Wiki haikuisha, gari la hospitali likaja kuchukua mashuka, na halikuyarudisha.

Siku hizi Bi Buluu anafua ovaroli za mafundi wa gereji. Wifi anamwambia ashukuru, kazi ni kazi, na grisi haichagui maji. Kweli, mafundi hawajalalamika hata siku moja. Wanakuja, wanazianua wenyewe kambani, wanazivaa palepale bila kuzitazama.