Muziki wa Mauwa ukizimwa, machimbo yote hukimbia

Jua limeshaanza kuuma. Kwenye spika iliyofungwa juu ya mti mkavu, mwanamume wa Kimarekani anambembeleza mkewe arudi nyumbani. Chini ya spika hiyo watu wapatao hamsini wanaponda mawe, na nyundo zao, watake wasitake, zinafuata mapigo ya wimbo.

Ghafla sauti inakatika katikati ya neno.

Hakuna anayeuliza kulikoni. Nyundo zinatua chini. Kina mama wanabeba watoto mgongoni, wanaume wanaacha sululu zilipo, mzee mmoja anakimbia na kikombe chake cha chai bila kumwaga hata tone. Wote wanajibanza nyuma ya tuta kubwa la udongo. Kimya kinatanda. Kisha ardhi inatikisika, mwamba unapasuka, na vumbi jeupe linapanda juu kama unga uliomwagwa.

Vumbi linapotulia, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani ya jua ya mitumba anamtazama mtu mwenye kitambaa chekundu upande wa pili wa shimo. Kitambaa kinateremshwa. Mwanamke anabonyeza kitufe, na yule Mmarekani anaendelea kubembeleza pale alipokatishwa.

"Masikini, hata hakumaliza kuomba," anasema mwanamke huyo, kisha anaokota nyundo yake.

Huyu ni Mauwa Kondo, mwenye umri wa miaka 44, mama wa watoto watatu na mponda kokoto katika shimo moja nyuma ya Mtongani, Kunduchi, wilayani Kinondoni. Kwa miaka tisa sasa nyundo ndiyo inayomlisha. Na tangu mwishoni mwa mwaka juzi, redio kaseti yake ndiyo inayowaambia wenzake kwamba baruti inakaribia kulipuka.

Mauwa hakuanzia kwenye mawe. Alipokuwa msichana alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni. Dirisha la chumba cha kufulia lilitazamana na baa, na mhudumu wa baa hiyo alikuwa mpenzi wa soul, muziki wa mapenzi wa Kimarekani. Kila jioni alipiga santuri za zamani, na Mauwa akasikiliza huku mikono ikiwa ndani ya povu.

"Mie Kiingereza sijui hata cha kuombea maji," anasema akicheka. "Lakini mtu akilia, unahitaji mkalimani? Nilikuwaga nasuuza shuka moja mpaka wimbo uishe. Msimamizi ananiita wee, mie sina habari."

Mwaka 1988 hoteli ilipunguza wafanyakazi, na Mauwa alikuwa miongoni mwao. Yule mhudumu wa baa naye alirudi kwao Tanga, lakini kabla ya kuondoka alimrekodia kanda mbili za kumuaga. Mauwa hakuwa na kitu cha kuzipigia. Alizihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga mpaka redio kaseti zilipoanza kumiminika Kariakoo, naye akajipatia moja iliyokwishatumika, yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira.

Zilikuwa enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Aliyejaliwa chochote alijenga: Mbezi, Tegeta, mpaka Kibamba. Nyumba zilitaka zege, na zege lilitaka kokoto. Mauwa, aliyekuwa ameshaachana na mumewe, akanunua nyundo na kwenda shimoni.

Leo debe moja la kokoto huuzwa Sh150, na siku ambayo mkono umekubali hujaza madebe kumi. Malori yasipokuja, hurudi nyumbani na vumbi tu.

Siku aliyoipeleka redio shimoni kwa mara ya kwanza, wenzake walimcheka.

"Walisema, Mauwa kaleta wazungu waje kututazama tunavyochoka," anakumbuka. "Wiki haikuisha, wao ndio wakawa wananiuliza, vipi leo wazungu hawaji?"

Mmoja wa waliovutwa na sauti hiyo ni Gaudens, dereva wa lori mwenyeji wa Songea, ambaye hubeba kokoto kutoka Kunduchi kupeleka kwa wajenzi.

"Nilishuka kupima mzigo, nikasikia soul," anasema Gaudens. "Nikajiambia, hapa pana mtu."

Safari iliyofuata alikuja na kanda zake mwenyewe, lakini zilikuwa za country, muziki wa vijijini kwa Wamarekani. Mauwa hakuzipenda.

"Nilimwambia, kaka Gau, huyu mtu wako anaimba puani, ana mafua?"

Gaudens hakukasirika. "Dada Mauwa," alimjibu, "soul ni ya mtu anayependwa, au anayetaka kupendwa. Country ni ya mtu aliyekwishachoka. Sasa hapa shimoni nani anapendwa?"

Watu waliangua kicheko, na kanda ikapigwa tena. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa wanabadilishana: moja ya soul inapanda lori, moja ya country inashuka. Gaudens, aliyesoma Kiingereza kidogo kwa mapadri, akawa anafasiri maneno.

Ufasiri huo nusura uvunje urafiki. Kulikuwa na wimbo mmoja wa country ambao Mauwa aliupenda mpaka kutokwa na machozi, akiamini kwamba mwimbaji anamlilia mama yake aliyefariki. Gaudens akausikiliza mara mbili, akakuna kichwa.

"Dada, samahani. Ni farasi. Anamlilia farasi wake."

"Farasi wako mwenyewe!" Mauwa alimjibu. "Wimbo wangu una mama, na mama hatoki humo."

Mpaka leo shimoni wimbo huo unaitwa Mama Farasi.

Furaha hiyo ilikatika mchana mmoja wa kiangazi mwaka 1994.

Mpiga baruti wa shimo hilo ni kijana anayeitwa Fakihi. Kazi yake ni kutoboa mwamba, kushindilia baruti na kupuliza filimbi ili watu wakimbie. Siku hiyo alipuliza filimbi kama kawaida. Walio karibu walisikia, wakakimbia. Zubeda, shoga yake Mauwa tangu utotoni, alikuwa nyuma ya rundo la mawe upande wa mbali, akiponda. Hakusikia. Jiwe lenye ukubwa wa nazi lilimwangukia kwenye muundi, likavunja mfupa.

Gaudens alimpeleka hospitali kwa lori, Mauwa akimshikilia nyuma juu ya kokoto.

Jioni hiyohiyo Mzee Badru, mwenyekiti wa wachimbaji wa shimo hilo, aliitisha kikao. Redio ilikuwa inalia wakati filimbi inapulizwa, kwa hiyo hakuona haja ya kutafuta sababu nyingine.

"Nyie mnacheza na roho za watu," alisema mbele ya wote. "Kuanzia leo, sitaki kusikia nyimbo hapa. Anayetaka muziki aende dansini."

Mauwa aliifunga redio kwa khanga akaondoka nayo. Baadhi ya wenzake wakaacha kumsalimu. Kuna mwanamke aliyehamisha kivuli chake cha magunia ili asikae naye karibu.

"Nilirudi kuponda kesho yake, ningekula nini?" anasema. "Lakini nyundo ilikuwa nzito. Nikawa najiuliza, hivi kweli ni wimbo uliomvunja shoga yangu mguu?"

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shimoni, alimpelekea Zubeda uji. Zubeda alikuwa amelazwa chumbani kwake, mguu umefungwa plasta, akitazama bati. Siku moja akauliza redio iko wapi.

"Nimeifungia," Mauwa alimjibu. "Sitaki hata kuiona."

"Mguu ndio umevunjika, Mauwa. Masikio yangu yamevunjika?"

Mauwa akaileta. Jumapili ile walisikiliza wawili. Jumapili iliyofuata alikuja Gaudens na kanda za country, akiwa pia na muuguzi mmoja jirani yake aliyependa soul. Muuguzi akamleta seremala. Miezi michache baadaye chumba hakikutosha, watu wakakaa mlangoni na uani, kila mmoja akiwa na kanda yake mkononi, akisubiri zamu apige wimbo mmoja na kusema ni kwa nini anaupenda.

Ni katika Jumapili kama hiyo ndipo Zubeda alisema neno lililobadilisha mambo.

"Mie filimbi ya Fakihi sijawahi kuisikia nikiwa kule nyuma," alisema. "Hata kabla ya redio kuja. Nilikuwaga naona watu wanakimbia, na mie nakimbia. Siku ile hapakuwa na mtu wa kumwona. Lakini wimbo ungekatika, ningeshtuka. Wimbo ukikatika, nani asiyeshtuka?"

Mauwa aliyarudia maneno hayo kichwani usiku kucha.

Alichukua muda mrefu kupata ujasiri wa kumwendea Mzee Badru. Kilichomsaidia ni uchaguzi wa mwaka 1995. Kampeni zilipokwisha, Gaudens alikuta spika ya tarumbeta pamoja na kikuza sauti chake vikiuzwa na dereva mmoja aliyekuwa akizunguka navyo mitaani kutangaza wagombea. Alivinunua, akavipeleka kwa Mauwa. "Imetoa ahadi nyingi hii," alimwambia. "Tuione na sie itatufaa nini."

Mauwa alimkuta mwenyekiti kwake asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni habari ya redio, kunywa chai uende."

"Ni habari ya filimbi, mzee. Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo ukae pale alipokaa Zubeda."

Mzee Badru alikataa mara tatu. Mara ya nne alikuja, nadhani kwa kuchoka kuombwa. Alikalishwa nyuma ya rundo la mawe, akapewa nyundo, na watu wote wakaambiwa waponde kama siku zote. Hapakuwa na baruti, hapakuwa na muziki. Fakihi akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mzee Badru aliendelea kuponda.

Fakihi akapuliza tena. Mzee akaponda. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo Mauwa akaunganisha redio na spika kwenye betri ya lori la Gaudens, akapiga kanda ya soul, akaiacha iimbe mpaka watu wakaisahau. Kisha akaizima.

Mzee Badru aliinua kichwa papo hapo, nyundo ikiwa hewani. "Vipi?" aliuliza kwa sauti. "Mbona mmezima?"

Mzee akautazama mwamba, akaitazama sehemu aliyoangukia Zubeda. Kisha akauliza filimbi itapulizwa lini. Alipoambiwa imeshapulizwa mara mbili, alivua kofia yake, akajifuta uso.

Tangu hapo utaratibu ni mmoja. Fakihi anainua kitambaa chekundu, Mauwa anazima muziki, watu wanakimbia, wanahesabiwa, ndipo baruti inawashwa. Filimbi ipo bado, lakini hakuna anayeitegemea. Zaidi ya Mauwa, hakuna anayeruhusiwa kugusa kitufe cha redio. Hasara ya utaratibu huo, anasema Mauwa, ni kwamba kanda ikitafunwa na mashine, shimo zima linakimbia bure.

"Nyimbo zenyewe mie sizielewi," anasema Mzee Badru, ambaye sasa ndiye anayesisitiza betri ijazwe. "Lakini baruti haijamgusa mtu tena. Basi na waimbe."

Siku ile redio iliporudi, yule mwanamke aliyehamisha kivuli chake alikirudisha pale kilipokuwa. Mauwa alimsogezea jiwe zuri la kukalia.

Zubeda hakurudi kuponda. Anachechemea, na sasa anauza chai na vitumbua ukingoni mwa shimo. Jumapili ya mashabiki imehamia uani kwa Mauwa, na huja watu mpaka wa Temeke. Mtu anaweza kuleta soul, anaweza kuleta country. Sharti ni moja tu: hakuna kuchekana.

"Wimbo wa mtu ni kama mamaye," anasema Mauwa. "Huwezi kumwambia wako mbaya."

Kinachomsumbua ni vumbi. Ua wake ni mchanga mtupu, na watu wakiinuka kucheza, vumbi huingia ndani ya mashine na kuharibu kanda zilizopatikana kwa taabu. Kwa hiyo tangu mwaka jana, kila wiki anabeba debe moja la kokoto kichwani kwenda nalo kwake. Haliuzi. Rundo limeshafika usawa wa dirisha.

Mashabiki wamekubaliana kuchanga saruji. Gaudens ataleta mchanga kwa lori. Baada ya Maulidi, Mungu akipenda, watamwaga zege uani pote, na baadaye Mauwa angependa kuweka paa la makuti na mabenchi, ili watu wasikilize hata mvua ikinyesha.

"Nyumba ngapi za Mbezi na Tegeta zimesimama juu ya mawe yangu?" anauliza, akipangusa miwani kwa ncha ya khanga. "Sijawahi kukanyaga sebule hata moja. Hii nitaikanyaga."

Ubishi uliobaki ni wimbo wa kufungulia sakafu. Mauwa anataka soul. Gaudens, aliyeegemea lori lake akisubiri mzigo, anatikisa kichwa.

"Soul pigeni siku ya kumwaga zege, wakati bado bichi," anasema. "Likishakauka ni country. Country inachezwa na viatu vizito."

"Wa kwanza kukanyaga ni Zubeda," Mauwa anamkata. "Achague yeye."

Zubeda anageuza kitumbua kikaangoni bila kuwatazama.

"Nimeshachagua," anasema. "Ila siwaambii, mtabishana mpaka simenti igande kwenye mifuko."