Alichimba Kaburi la Filamu Nyumbani kwa Dani

Admin, tafadhali ficha jina langu, maana huku kisiwani Rusinga tunajuana wote. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza Form Four mwaka jana na ninaishi na nyanya yangu, Dani, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Mimi ni mwoga wa watu. Mwalimu akiniuliza swali, sauti ilikuwa inapotea. Jukwaani tu, kwenye michezo ya kuigiza ya shule, ndipo nilipoweza kusema bila kutetemeka.

Kuna mwanamume wa upande wetu huu ambaye wengi wenu mmemwona kwenye TV. Kwa miaka mingi aliigiza daktari katika tamthilia moja, na Dani alikuwa akiacha ugali uungue ili amtazame. Kisha akaacha kuigiza, akafungua kampuni, na sasa anatayarisha na kuongoza filamu zake mwenyewe. Alipokuja Mbita kutafuta waigizaji, alinichagua niwe binti aliyefiwa na baba. Nilirudi nyumbani nikikimbia kwa furaha. Leo sitaki hata kuiona sura yake.

Alitaka boma ambalo ziwa linaonekana nyuma yake. Nikamwambia letu liko hivyo. Dani alikuwa Homa Bay kwa shangazi, akitibiwa macho, kwa hiyo nikampigia simu kumwomba ruhusa. Akasema, "Waje tu, mradi wasikanyage mihogo yangu." Yule mtu alikuwa ameniambia watapiga picha za jikoni na za uani. Kaburi hakulitaja.

Siku ya pili ya kupiga picha, watu wake wakashusha mabeleshi, wakaanza kuchimba kando ya nyumba. Nilimfuata nikamwambia polepole, "Huku kwetu kaburi halichimbwi bila maiti."

Akacheka mbele ya wote. "Wewe binti, nyar Rusinga, mimi pia ni Mjaluo. Utanifunza mila? Hii ni sanaa. Jioni tunafukia."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikumpigia Dani. Niliogopa kutolewa kwenye filamu. Nikavaa nguo nyeusi, nikalilia jeneza tupu mpaka wakanipigia makofi. Ukweli ni kwamba makofi yale yalinifurahisha.

Mvua ikaanza, wakapakia kamera zao haraka, wakasema watarudi Jumatatu kumalizia. Hawakurudi.

Dani alifika Alhamisi, akasimama langoni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Dani."

"Basi hilo ni la nani?"

Hakuingia. Baba mdogo, ambaye ni mtoto wake wa mwisho, alisema kaburi likikaa wazi linaita mtu wa kuzikwa, na mkubwa wa boma ni Dani. Aliyelifungua lazima aje mwenyewe, azike mgomba ndani yake badala ya maiti, mbele ya wazee, ndipo lifukiwe. Dani ni Msabato na anasema anamwogopa Mungu peke yake, lakini hii ni wiki ya tatu analala kwa jirani, na dawa ya macho anatiliwa na watu wa nje.

Baba mdogo alimpigia yule mtu, sote tukisikia.

"Mzee, nina filamu ya kumaliza. Sina muda wa kuzika migomba."

"Kwenye TV uliponya wagonjwa wa uongo, tukakushangilia. Sasa umekuja kuzika maiti wa uongo kwa mama yangu?"

"Shimo ni shimo tu. Na mjukuu wenu alikuwepo, mwulizeni."

Wote wakanigeukia. Nikasema walipoanza kuchimba nilikuwa nimeenda sokoni Mbita. Dani akamjibu yule mtu mwenyewe: "Usimsingizie mtoto wangu. Huyu hajui kudanganya."

Baba mdogo akapeleka mashtaka kwa chifu. Siku iliyofuata yule mtu akaniandikia. Anataka nirekodi video niseme Dani alielezwa habari za kaburi akakubali. Nikifanya hivyo, nitakuwa mwigizaji mkuu katika tamthilia yake mpya Nairobi. Nikikataa, ananifuta kwenye filamu, na Dani ataonyeshwa picha za mimi nimesimama kando ya shimo tangu beleshi la kwanza. "Una kipaji," aliandika. "Usikubali hao wazee wakuzike nacho."

Namchukia mtu huyu. Anajiita mtoto wa nyumbani akitaka mandhari yetu, lakini akiitwa arekebishe alichoharibu anakuwa mtu wa Nairobi. Na bado ujumbe wake sijaufuta.

Nikisema uongo wake, hatarudi kulifunga kaburi, na Dani atabaki mgeni kwenye nyumba za watu. Nikisema kweli, Dani atajua ni mimi niliyenyamaza.

Ijumaa tunaitwa kwa chifu. Dani ameomba niketi karibu naye niwe shahidi wake, kwa sababu macho yake bado hayaoni vizuri na mimi ndiye mtu anayemwamini. Nisaidieni jamani kabla ya siku hiyo. Nikisimama pale, nianze kusema nini?