Nilitangaza redioni kwamba mdogo wangu yuko fiti kwa fainali, na nilijua si kweli

Admin, ficha jina langu na la redio ninayofanyia kazi, maana hapa Voi watu wananijua kwa sauti hata kama hawajawahi kuniona. Nina miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kutangaza michezo. Wiki hii siwezi kukaa mahali pamoja. Nikiketi nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nje nasahau nilifuata nini. Hata haya naandika nikiwa nimesimama jikoni.

Jumapili kuna fainali. Timu ya hapa Voi inacheza na timu ya kwetu Mghange, kule juu nilikozaliwa. Redioni hatuongei kitu kingine: nani ataanza, nani ameumia, kocha atapanga vipi. Na kila mtu anauliza habari za namba tisa wa Mghange, kijana aliyefunga karibu kila mechi. Huyo namba tisa ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Ana miaka ishirini na mbili. Wasikilizaji hawajui, kwa sababu hewani natumia jina la mume wangu.

Jumatatu nilipanda nyumbani kumhoji. Tulikaa nyuma ya nyumba, mama alikuwa shambani akikatia ng'ombe majani. Alinijibu vizuri, akacheka, akasema watatufunga mawili bila. Nilipozima rekoda akageuka kuangalia kama mama yuko karibu. Halafu akasema, "Sista, wiki iliyopita nilianguka."

Alikuwa akikimbia peke yake asubuhi, akaona giza. Aliokotwa na mama mmoja aliyekuwa akienda sokoni, akapelekwa hospitali. Wakampima moyo. Daktari akamwambia moyo wake haupigi sawasawa, asicheze wala kukimbia mpaka aende Mombasa kwa vipimo vikubwa.

"Nitaenda Jumatatu, baada ya fainali," akaniambia.

"Umesikia vile daktari alisema?"

"Nimesikia. Lakini Jumapili kuna mtu wa timu ya ligi kuu anakuja kuniangalia mimi. Mimi, sista! Nikikosa hii, nitakata majani ya ng'ombe mpaka nizeeke. Niapie mama hatajua."

Nikaapa. Sijui kwa nini niliapa. Baba yetu alianguka hivyo hivyo shambani, mimi nikiwa fomu wani, na hakuamka. Hadi leo hatujui ilikuwa nini. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu, hamkumbuki hata kidogo. Nafikiri ndiyo maana haogopi. Mimi nilikuwepo. Niliona walivyombeba.

Jumatano nikiwa hewani, mtangazaji mwenzangu akaniuliza ghafla, "Kuna uvumi kwamba namba tisa wa Mghange ana shida. Wewe ulikuwa huko, tuambie ukweli." Mdomo wangu ulijibu kabla sijafikiri. Nikasema, "Nimemwona kwa macho yangu. Yuko fiti asilimia mia." Simu zikaanza kuingia. Watu wa Mghange walikuwa wanapiga vigelegele kwenye laini. Nilimaliza kipindi, nikaenda chooni nikalia.

Jana nilishindwa kuvumilia. Niliomba ruhusa kazini nikapanda tena, nikaenda moja kwa moja kwa kocha wao uwanjani. Nikamwita kando nikamweleza yote. Nilidhani atashtuka. Aliangalia viatu vyake, akasema, "Madam, najua. Aliniambia mwenyewe."

"Na utamchezesha?"

"Amesema anajisikia vizuri. Ni dakika tisini tu. Bila yeye hatuna timu." Kisha akaongeza kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma, "Na ukisema redioni, watu watasema umetumwa na watu wa Voi kutuvunja nguvu. Wewe umeolewa huko, unafanya kazi huko. Nani atakuamini?"

Kabla sijafika Voi, mdogo wangu alikuwa ameshanitumia sauti kwa simu. Nimeisikiliza mara nyingi sana leo. Hapigi kelele. Anasema, "Sista, ulinilea, nakuheshimu. Lakini ukinitoa kwa hii mechi, usiniite ndugu yako tena." Nimempigia mara sita, hapokei.

Nimemwambia mume wangu. Yeye anasema, "Ni mtu mzima, mwili ni wake." Pengine ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyewaambia watu wote hewani kwamba yuko mzima. Akianguka Jumapili, nitakuwa na maikrofoni mkononi nikitangaza.

Sasa imezidi. Bosi wetu amepanga kipindi maalum cha fainali kesho saa nne asubuhi, na mgeni kwenye simu ni namba tisa wa Mghange. Mimi ndiye nitamhoji. Swali la kwanza bosi ameniandikia mwenyewe: "Hali yako ya mwili ikoje?" Nikimuuliza, atadanganya, nami nitakuwa nimedanganya naye mara ya pili. Nikisema ukweli hapo hewani, mama atausikia jikoni kwake kwa redio pamoja na watu wote, na ndugu yangu nitakuwa nimempoteza hata kama atakuwa hai. Nikimwambia mama leo kwa siri, nimevunja kiapo, na sina hakika kama hata yeye ataweza kumzuia.

Saa moja iliyopita mama amenipigia simu. Hajawahi kwenda uwanjani maisha yake yote. Amesema ameshashona kitambaa cha rangi ya timu, na anaomba nimtafutie kiti karibu na laini amwone mwanawe vizuri. Nikamwambia nitamtafutia.

Ndugu zangu mnaosoma, msinitukane, nishaurini. Mngekuwa ni mimi, mngefanya nini kabla ya kesho saa nne?